Gego la nta: Kazi ya mwanafunzi wa meno inavyomfuata mfanyabiashara hadi mpakani

Mfanyabiashara anayelipia kofia ya jino Kampala, Arusha au Kisumu hununua bidhaa asiyoweza kuikagua. Kitenge hukipapasa, mchele huutafuna punje mbili tatu, kiatu hukikunja soli. Kofia ya jino, ambayo wengi huiita krauni, humfikia ikiwa imeshakamilika. Hubandikwa kwa gundi maalumu, kisha mnunuzi huambiwa aume. Ikiwa imezidi meno mengine kwa unene wa unywele, huenda asitambue pale kwenye kiti, hasa kama bado ana ganzi. Atatambua kesho yake, akiwa ameshavuka Busia, Namanga au Mutukula, na kila tonge linamkumbusha. Kurudi kwa daktari ni nauli nyingine, foleni nyingine ya uhamiaji na siku nyingine ya biashara iliyopotea.

Ubora wa kofia ile huanza kuandaliwa miaka kadhaa kabla, katika chumba ambacho wagonjwa hawakioni: maabara ya wanafunzi wa udaktari wa meno. Humo kuna meza ndefu, taa za spiriti, vijino vya jasi na vipande vya nta ya kijani, ya buluu au ya rangi ya kahawia. Mwanafunzi hukaa hapo akijenga gego kwa matone, tone juu ya tone, mpaka lifanane na lile ambalo mwili hulitengeneza wenyewe bila kusomea. Wengi waliopitia masomo hayo hukiri kwamba mtihani wa anatomia ulikuwa na nafuu.

Kwa nini nta

Jino lililooza sana, au lililotibiwa mizizi na kubaki na kuta nyembamba, hupasuka kwa urahisi. Ili lidumu, daktari hulisaga pande zote na juu, kisha hulivisha kofia. Huchukua chapa ya mdomo, na ndani ya chapa hiyo humiminwa jasi ngumu. Jasi ikikauka, hupatikana nakala ya jino lililosagwa na ya majirani zake. Juu ya nakala hiyo ndipo kofia hutengenezwa kwa nta, halafu nta hubadilishwa kuwa chuma au kauri.

Kubadilisha huko ni ufundi mkongwe. Nta hufunikwa kwa udongo maalumu unaostahimili moto, ukishagandamana huingizwa tanuruni, nta huyeyuka na kuungua yote, na pale ilipokuwa hubaki uwazi wenye umbo lake kamili. Chuma kilichoyeyushwa humiminwa humo. Mafundi wa Ife na Benin, katika Nigeria ya leo, walifua vichwa na sanamu zao maarufu kwa njia hiyo karne nyingi zilizopita. Kwa upande wa meno, daktari Mmarekani William Taggart aliwaonyesha wenzake mwaka 1907 namna ya kumimina dhahabu kwa nta inayopotea, na tangu hapo kazi ya kujaza na kuvisha meno kwa chuma haikuwa tena ile ya zamani.

Ndiyo maana hakuna pa kujificha. Chuma hunakili nta pamoja na makosa yake yote. Kovu la kucha kwenye nta litakuwa kovu kwenye chuma. Ukingo ulioachwa mfupi utabaki mfupi, na hakuna gundi itakayouziba kwa muda mrefu kabla mate na bakteria hawajapata njia.

Tone la kwanza hadi kilele cha tano

Kazi huanza kwa penseli. Mwanafunzi huchora mstari mwembamba kuzunguka ukingo wa jino lililosagwa, mahali ambapo kofia inapaswa kuishia, isipite wala isipungue. Sehemu nyingine ya kijino cha jasi hupakwa rangi maalumu, unene wa maikromita 25 hadi 40 hivi, ili baadaye gundi ipate nafasi ya kukaa. Kisha hupakwa mafuta ili nta isigande. Anayesahau mafuta hujua dakika ishirini baadaye, kofia inapokataa kutoka, na akiivuta kwa nguvu huvunjika vipande viwili.

Vyuma vinavyotumika vyuo vingi vina herufi PKT, za jina la Peter K. Thomas, Mmarekani aliyeuendeleza mtindo wa kujenga jino kwa kuongeza nta badala ya kuichonga kutoka kwenye bonge. Vipo vitano. Cha kwanza na cha pili ni vya kudondosha nta, kikubwa na kidogo. Cha tatu hulainisha mabonde na mifereji ya juu ya jino. Cha nne na cha tano huchonga. Fundi wa saa angejisikia nyumbani katika seti hiyo.

Somo la kwanza kabisa ni la moto, na halihusu umbo lolote. Nta iliyoyeyuka hukimbia sehemu yenye joto zaidi. Mwanafunzi akipasha ncha ya chuma, tone hupanda juu ya mpini na kumwachia ncha tupu. Akipasha shingo ya chuma, juu kidogo ya ncha, tone hushuka na kutulia pale anapolitaka. Kulieleza jambo hili huchukua nusu dakika. Kuuzoesha mkono ni kazi ya wiki kadhaa, na katika wiki hizo meza hujaa nta kuliko kijino.

Tuseme amepewa gego la kwanza la chini upande wa kulia, ambalo madaktari huliita namba 46. Ni jino lenye kazi nzito. Huota mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, kwa hiyo wazazi wengi hulidhani la utoto na kulipuuza, nalo huwa miongoni mwa yanayotoboka mapema. Juu yake lina vilele vitano: vitatu upande wa shavu na viwili upande wa ulimi. Baada ya kulivika kijino ganda jembamba la nta, mwanafunzi hujenga kuta za pembeni na sehemu zinazogusana na meno jirani. Ndipo husimamisha vilele kama vichuguu vitano, kila kimoja mahali pake. Kati yao hupitisha matuta, kisha mabonde, na mwisho mifereji ya kupitishia chakula.

Kila baada ya hatua hufunga taya. Nakala za jasi za juu na chini huwa zimefungwa kwenye atikuleta, chombo cha chuma kinachoiga bawaba ya taya la binadamu. Hunyunyiza unga laini, hufunga, hufungua, na kutazama alama zilizoachwa. Kilele kirefu mno huzuia meno mengine kukutana. Kikiwa kifupi, gego linakuwa pambo tu. Kinachosumbua zaidi ni kile kinachokutana vizuri taya likifungwa wima, lakini kikigonga jino la juu taya linapoteleza kwenda kando, kama linavyofanya mtu anapotafuna muwa.

Hapo ndipo vipimo vinapokuwa vidogo kupita kawaida ya biashara nyingine yoyote sokoni. Mwaka 1971, McLean na von Fraunhofer walichapisha matokeo ya kufuatilia kofia na vijazo zaidi ya 1,000 kwa miaka mitano, wakahitimisha kwamba mwanya wa ukingo usiozidi maikromita 120 unaweza kuvumilika. Huo ni unene wa nywele moja au mbili. Meno yenyewe ni makali zaidi ya hapo, kwani mtu mzima akiuma anaweza kuhisi kitu chembamba cha maikromita 20 hivi kilichoingia kati ya meno ya juu na ya chini. Ndiyo sababu punje moja ya mchanga kwenye mboga huharibu mlo mzima.

Nta nayo ina tabia zake. Kati ya vifaa vya kazi ya meno, ndiyo inayotanuka na kusinyaa zaidi kwa joto. Ikipoa haraka huhifadhi mkazo ndani yake na baadaye hujikunja taratibu, hivyo kofia iliyokaa vizuri saa kumi jioni inaweza kuwa imeinuka ukingoni asubuhi. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya kazi ni kuyeyusha upya nta yote ya ukingo, kiasi cha milimita moja, kuishindilia kwenye mstari wa penseli, kuing'arisha kwa kipande cha soksi ya nailoni, na kuifunika kwa udongo bila kuilaza. Katika miji ya joto kama Mombasa na Dar es Salaam, chumba kisicho na feni wala kipoza hewa huongeza ugumu ambao waandishi wa vitabu vya Ulaya hawakuuwazia sana.

Mwalimu hupita na kikuza picha machoni. Huitoa kofia, huitazama kwa ndani dhidi ya dirisha, huipima unene kwa kalipa. Palipo chini ya kiwango nta hupitisha mwanga. Mara nyingi jibu ni fupi: anza upya. Gego la kwanza linaweza kula siku nzima na bado likaishia kwenye kopo la nta chakavu. Katika baadhi ya vyuo, kabla hata ya kufika kwenye moto, wanafunzi huchongeshwa meno makubwa kutoka kwenye mche wa sabuni, na sabuni hizo huishia kufulia makoti ya maabara.

Swali la fundi na la mashine

Wapo wanaouliza, na si swali la kipuuzi, kwa nini daktari apoteze saa zote hizo. Katika kliniki nyingi kofia haitengenezwi na daktari. Hutengenezwa na fundi wa maabara ya meno, mtu aliyesomea kazi hiyo, kwa mfano katika vyuo vya KMTC nchini Kenya au taasisi ya sayansi shirikishi za afya Mulago nchini Uganda. Daktari hutuma chapa, fundi hurudisha kofia. Si ajabu kifurushi hicho kusafiri kwa basi kutoka mji usio na maabara, kikiwa kwenye buti pamoja na magunia ya vitunguu.

Jibu liko kwenye jino lililosagwa. Ili kofia ya chuma ipate nguvu, vilele vinavyobeba mzigo wa kutafuna vinahitaji kupunguzwa milimita 1.5 hivi, na vile vingine milimita moja. Daktari aliyesaga nusu ya kiasi hicho humwachia fundi njia mbili, zote mbaya: kutengeneza kofia nyembamba itakayotoboka, au kutengeneza nene itakayokuwa juu. Aliyewahi kukaa na kijino kisicho na nafasi, akijaribu kubandika kilele pasipo na mahali pa kilele, hasahau kuangalia nafasi hiyo mdomoni mwa mgonjwa. Vilevile akirudishiwa kofia isiyo sawa, anajua kosa ni la fundi au lake mwenyewe. Daktari asiyejua tofauti hiyo humlaumu fundi siku zote, na mgonjwa hulipia mabishano.

Swali la mashine ni zito zaidi. Tangu mwaka 1985, mgonjwa wa kwanza alipohudumiwa kwa mfumo wa CEREC katika Chuo Kikuu cha Zürich, Uswisi, imewezekana kupiga picha ya jino, kulisanifu kwenye kompyuta na kulichonga kwa mashine papo hapo. Vyuo vingi vya Marekani na Ulaya vimepunguza saa za nta kwa sababu hiyo. Kliniki kadhaa za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam tayari zina vifaa vya namna hiyo, na zinavitangaza.

Lakini kompyuta hupendekeza umbo tu, na mwenye kuliidhinisha ni mtu. Asiyejua tuta linapaswa kupita wapi ataidhinisha lolote linalong'aa kwenye skrini. Tena baadhi ya kofia za kauri zinazosifiwa leo bado huanzia kwenye nta: hujengwa kwa mkono, nta huunguzwa, kisha kauri iliyolainishwa kwa joto husukumwa ndani ya uwazi ule ule. Na pale umeme unapokatika, au kipuri cha mashine kinaposubiriwa kutoka ng'ambo, taa ya spiriti huwaka. Kwa hali ilivyo katika ukanda huu, kufuta saa za nta kwenye ratiba ya chuo kungekuwa ni kuiga nchi ambazo mafundi wake na umeme wake si kama wetu.

Nta inatoka wapi

Wafanyabiashara wa asali watavutiwa na jambo moja. Nta ya meno ni mchanganyiko, na miongoni mwa viungo vyake ni parafini ya mafuta ya petroli, karnauba inayotokana na majani ya mnazi wa porini wa Brazili, na nta ya nyuki. Nta ya nyuki huyeyuka karibu na nyuzi joto 63, karnauba huhitaji zaidi ya nyuzi 80, na kwa kupima viungo hivyo watengenezaji hupata nta laini au ngumu. Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa nta ya nyuki barani Afrika, na Tabora imejulikana kwa zao hilo tangu enzi za ukoloni. Hata hivyo vijiboksi vilivyo mezani kwa wanafunzi huwa na majina ya viwanda vya Ulaya, Marekani na Asia.

Kikwazo kikubwa ni usafi. Nta ya kumiminia chuma inapoungua hairuhusiwi kuacha mabaki yanayozidi asilimia 0.1, kwa sababu jivu likibaki ndani ya ukungu huziba kona na kuharibu ukingo. Nta iliyokamuliwa kwenye sufuria moja na masega, mizinga ya magome na nyuki waliokufa iko mbali na kiwango hicho. Kuisafisha kunawezekana, na kwa sasa thamani hiyo huongezwa baada ya mzigo kuondoka bandarini.

Cheti kinachovuka mpaka

Chuo Kikuu cha Nairobi na Muhimbili vilianza kufundisha madaktari wa meno miaka ya 1970, Makerere ikafuata miaka ya 1980, na Chuo Kikuu cha Rwanda kikaanza mwaka 2013. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inazungumzia uhuru wa wafanyakazi na huduma kuvuka mipaka, na Mei 2017 wakuu wa nchi waliokutana Dar es Salaam walitangaza jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wamesaini mikataba ya kutambuana. Upande wa tiba, mabaraza ya madaktari na madaktari wa meno ya nchi wanachama yamekuwa yakikagua vyuo kwa pamoja, kusudi aliyehitimu upande mmoja asionekane mgeni upande wa pili.

Bado kila nchi ina daftari lake. Daktari aliyesajiliwa Kampala akitaka kuhudumu Mwanza hana budi kujiandikisha kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na akienda Kisumu, kwa KMPDC. Kwa mgonjwa anayevuka mpaka kila wiki hilo lina faida: mabaraza haya huweka orodha za waliosajiliwa, na jina linaweza kutafutwa kabla ya kulipa. Wale wanaovisha watu meno ya dhahabu kwenye vibaraza vya stendi hawamo katika orodha hizo.

Cheti hakisafiri na jino, lakini karatasi ya matibabu inaweza. Mgonjwa ana haki ya kuomba aandikiwe ni jino namba ngapi, kofia ni ya kauri au ya chuma gani, na ilibandikwa lini. Kwa karatasi hiyo daktari wa mji mwingine anaweza kupunguza kilele kilichozidi kwa kutumia karatasi ya rangi na msasa mdogo, kazi ya dakika chache, bila kubahatisha. Kofia ya muda inayowekwa wakati ile ya kudumu ikitengenezwa haikuumbwa kukaa miezi. Gundi yake ni dhaifu kwa makusudi, na safari za kuahirisha zimewapoteza wengi meno waliyokuwa wameshalipia nusu.

Kliniki za vyuo nazo hupokea wagonjwa. Kazi hufanywa na wanafunzi wa miaka ya juu chini ya macho ya walimu, na mara nyingi malipo yake huwa chini kuliko ya kliniki binafsi. Kila hatua hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa inayofuata, kuanzia kusaga, chapa, nta hadi kofia yenyewe, na mwalimu aliyezoea kusema anza upya hana sababu ya kunyamaza kwa kuwa mgonjwa ana haraka. Kofia moja inaweza kudai mahudhurio kadhaa ya nusu siku. Mwenye lori la kupakia Alhamisi ni vyema aseme hivyo siku ya kwanza, kabla jino halijasagwa.